Uzi: Nilitoka usiku na tochi kumkamata jirani anayetapisha choo, nikajikamata mwenyewe

Mtu wa Mteremko (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuchelewesha tangu masika kwa sababu ya aibu. Sasa vuli inabisha hodi, acha niuseme tu. Mnicheke kwanza, halafu tuongee.

Nakaa Tabata, upande wa juu, ule mteremko ambao maji yake yote yanashukia mto Msimbazi. Mbele ya nyumba pana mtaro wa mawe, hauna mifuniko. Kwa miaka miwili, kila mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi mtaro unanuka. Si harufu ya takataka wala tope. Choo. Na mtaani kwetu maana yake inajulikana: kuna mtu ametapisha. Kwa msiojua mambo ya Dar, mvua ikishakolea mtu anachomoa tofali alilolipachika makusudi ubavuni mwa shimo lake la choo, na mzigo wa miezi sita unaondoka bure na maji ya Mungu. Gari la kunyonya ataita mwenye hela.

Nikamshuku jirani wa ng'ambo ya barabara. Sababu ninazo: sijawahi kuona gari la majitaka getini kwake, ana wapangaji saba, na kila nikimsalimia asubuhi ya mvua anaitikia kwa uchangamfu uliopitiliza. (Ndiyo, huo ndio ulikuwa ushahidi wangu.) Nikamsema kwa mjumbe. Nikamsema kwenye kikao cha mtaa, jina sikulitaja ila macho niliyaelekeza kwake mpaka kila mtu akaelewa.

Aprili, saa saba usiku, ikashuka ile ya kupiga bati mpaka redio huisikii. Nikavaa mabuti, nikachukua tochi, nikatoka kumkamata. Sijafika hata getini, nasikia kitu kinagonga kwenye kona ya nyumba: ko, ko, ko. Namulika. Mfuniko wa chemba yangu, wa zege, unacheza. Unanyanyuka kidogo, unatema, unajirudisha. Maji meusi yenye vipande vya karatasi yanakata ua wangu, yanapita chini ya geti langu, yanaingia mtaroni. Nikabaki nimesimama na tochi yangu kama mlinzi aliyekuta mwizi ni yeye.

Asubuhi nikaita fundi bomba. Dakika kumi hazikuisha. Bomba la gata, la inchi nne, linalotelemka ukutani, fundi aliyenijengea alilipitisha chini kwa chini akaliunganisha na chemba ya choo ili uani pasilowane. Sasa pigeni hesabu. Bati langu ni kama mita 12 kwa 10. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Masika ikikaza siku moja ikanyesha milimita 50, hizo ni lita 6,000. Simtanki sita za lita elfu moja zinaingia kwenye chemba iliyojengwa kupokea ndoo za kuogea na kuvuta choo. Mfuniko usicheze kwa nini?

Nimelileta hapa kwa sababu moja. Kila tukiutaja Msimbazi tunawataja watu wa bondeni. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 Dar, waliobaki bila makazi wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na wimbo ukawa "walionywa, wakaidi". Desemba 2015 zikaja X nyekundu ukutani na makatapila ya kubomoa nyumba. 2022 Benki ya Dunia ikapitisha mkopo wa dola milioni 200 wa kulitengeneza bonde, Jangwani pajengwe daraja refu, mto uchimbwe. Yote sawa, tena yamechelewa. Lakini yote yanaangalia kule chini maji yanakofikia. Mto unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, unatokea Salander baharini, na njia nzima kila mtaro wa mteremkoni unaumwagia. Hakuna aliyewahi kuja kufunua chemba yangu. Na hapo mimi ni mstaarabu, nina karo, nina geti, nalipa na hela ya taka.

Naomba tuongee: mtaani kwenu mvua inabeba nini, na nani amewahi kupunguza japo kidogo?

---

Bado Nipo

Mkuu jirani umemwomba radhi au umekuja kujisafishia huku?

Mtu wa Mteremko

Nilienda. Nilimweleza yote, mpaka ule mfuniko. Alinisikiliza, akanywa chai yake, akaniambia "mimi nilijua ni wewe, harufu ilikuwa inaanzia kwako, ila niliona wewe ni mtu wa kusoma, nikanyamaza".

Bado Nipo

😂😂😂 Nasogeza kiti.

---

Suna kwa Chini

Mimi ni mzaliwa wa Magomeni Suna, kule bondeni, kwa hiyo uzi huu sitacheka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za watu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Walikuja na futi kamba na rangi. Sawa, sheria ni sheria. Swali langu, mleta uzi, wewe upo mita ngapi kutoka mtoni? Elfu moja? Elfu mbili? Futi kamba haikufiki, rangi haikufiki, ila choo chako kinanifikia mimi sebuleni. Bibi yangu alikuwa na ukuta, ile alama ya maji ya 2011 ilikuwa juu ya swichi ya taa. Tulipiga chokaa mara tatu ikawa inarudi, kwa sababu hayakuwa maji, yalikuwa uchafu wa nusu ya jiji.

Na sitasema uongo, na sisi chini tunatapisha. Lakini elewa kwa nini. Kwetu maji ya ardhini yako juu, masika ukichimba futi chache unakutana nayo. Choo cha shimo kinajaa chenyewe kutokea chini, hata kama hakuna aliyekitumia. Utakinyonya leo, kesho kutwa kimejaa tena. Mtu wa namna hiyo ukimpiga faini unamwonea tu, labda umjengee choo cha kuinuliwa.

Mtu wa Mteremko

Sina la kujitetea hapo. Hiyo ya mita 60 sikuwahi kuiwaza kwa upande huo.

---

Bomba Nene

Naendesha gari la majitaka mwaka wa tisa huu, acheni niwape ya ndani.

Watu wanasema wanaotapisha ni mabahili. Wengine ndiyo. Wengi gari haliwafikii. Choo kipo nyuma ya nyumba tano, kichochoro cha kupita mtu na ndoo. Mipira nikiiunga ikawa mirefu sana, pampu inakoroma tu, haivuti. Halafu choo cha shimo hakina maji peke yake: nguo, chupa, pedi, nywele za saluni. Mpira unaziba, nauvua kwa mkono, mteja amesimama ananiambia haraka mvua inakuja. Ndiyo maana huletwa vyura, yaani wale vijana wanaoingia shimoni na ndoo na koleo. Wanachimba shimo jingine pembeni wanahamishia. Kazi ya hatari na ya kudhalilisha, lakini kwa mto afadhali wao, maana mzigo unabaki ardhini.

Upande wetu na sisi si malaika. Mzigo unatakiwa ufike kwenye mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti, ukalipie umwage. Kuna foleni, kuna mafuta ya gari. Wapo wenzetu mvua ikikolea wanasimama kwenye kalavati, wanazima taa, wanafungua koki. Mkiliona gari limesimama hivyo usiku wa mvua, pigeni picha namba. Dereva atawaambia limeharibika. Mtazameni nyuma, sio kwenye boneti.

---

Oili Chafu

Naona gereji bado hatujatajwa, nijitaje mwenyewe kabla hamjafika.

Hatumwagi oili. Oili chafu ni hela: wenye mbao wanakuja na madumu wananunua, wanapaka isiliwe na mchwa. Fundi anayemwaga oili mtaroni anamwaga chakula chake cha mchana. Kinachokwenda mtoni ni vitu vingine. Maji ya kuoshea injini, yale ya dizeli na sabuni ya unga. Filta iliyotupwa mdomo chini, inadondosha siku tatu. Maji ya betri. Na zaidi ya yote ardhi yenyewe. Njoo uione gereji yetu: udongo mweusi, umeshindiliwa, unang'aa kama lami, miaka ishirini ya matone. Kiangazi kizima inakaa hivyo. Ile mvua ya kwanza ya vuli, dakika ishirini za mwanzo, inausugua wote. Mtaroni unaona rangi za upinde wa mvua zinatembea taratibu. Mvua ya pili unaona kidogo, ya tatu huoni kitu. Kwa hiyo mtu akija kupima mto katikati ya msimu atasema gereji hazina shida. Aje siku ya kwanza.

Sisi tulifanya mambo mawili. La kwanza, maranda ya mbao, gunia la bure kwa seremala. Oili ikimwagika unamwagia maranda, yananyonya, unafagia siku hiyohiyo. La pili, kabla ya maji ya gereji kuingia mtaroni tukajenga chemba ya vyumba viwili. Kati ya chumba na chumba kuna bomba lenye elbo inayotazama chini. Oili ni nyepesi, inaelea juu. Maji yanatokea kwa chini, yanapita kwenye elbo, oili inabaki chumba cha kwanza. Jumamosi tunaichota na kopo. Kasheshe ni mchanga: usipouzoa, chemba inajaa na oili inapata njia. Tumeshasahau mara mbili.

Bado Nipo

Hiyo ya elbo mkuu ungeweka mchoro.

Oili Chafu

Sina mchoro. Chukua ndoo, mimina maji, weka kijiko cha mafuta ya kula, halafu vuta maji kwa mrija kutokea chini. Umeelewa?

---

Mto Athi

Hamjambo huko? Mimi niko Kenya, nimesoma hii thread yenu yote kwa mara moja. Huku ni yale yale tu. Mto Nairobi unapokea kila kitu cha mjini, unaingia Athi, Athi ukishuka unaitwa Galana, mwisho unaitwa Sabaki, unamwaga baharini kaskazini ya Malindi. Niliishi Malindi miaka minne. Mvua ikinyesha bara, baada ya siku kadhaa bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa, unaona mpaka kabisa, huku buluu, huku kahawia. Mwingi ni udongo wa mashamba, lakini unajua mle ndani kuna na mengine. Wavuvi hawasikilizi utabiri kujua kama bara kumenyesha. Wanaangalia maji.

---

Mwana wa Mteja

Na mchicha je? Maana sisi tunanunua ule wa bondeni kila siku.

Kaptula ya Maabara

Mchicha ulishapimwa zamani. Mwaka 1999 lilichapishwa andiko la watafiti waliopima mboga za majani zilizolimwa kando ya mto Sinza na Msimbazi. Walitafuta kadimiamu, shaba, risasi na zinki, na baadhi ya sampuli zilipita kiwango kinachokubalika. Cha kujua ni kwamba kuosha kunaondoa tope na sehemu ya vijidudu, hakuondoi madini ambayo mmea umeyanyonya kwa mizizi. Wala kuchemsha. Kipindupindu ukipika unakiua, risasi haifi.

Nyanya Chungu

Mimi nalima huko mnakokuita bondeni. Mnaongea kama vile sisi hatuli. Watoto wangu wamekua kwa mchicha huo. Nimwagilie na nini, maji ya bomba ya kulipia? Oili Chafu kasema mvua ya kwanza ndiyo mbaya, hilo nalijua bila kupima: wiki ile mto unatoa povu na matembele yanaungua pembeni ya majani. Siku hizo simwagilii kwa mto. Nasubiri mpaka povu liishe. Ndilo ninaloliweza.

---

Kijana wa Kalavati

Nije na upande wa kushindwa, maana kila uzi una watu wa kufanikiwa tu.

Mtaani kwetu tulichangishana, tukachomelea nondo kama dirisha, tukaziweka mdomoni mwa kalavati zishike taka zisifike mtoni. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 imepungua kweli, lakini chupa za maji, pampasi na yale makopo ya chakula yapo tele. Mvua ya kwanza nondo zikashika kila kitu, sawasawa na tulivyotaka. Saa mbili baadaye pakawa bwawa. Maji yakarudi nyuma, yakaingia duka la mangi na saluni mbili. Usiku huohuo watu wakang'oa nondo kwa nyundo, na mimi nikiwa mmojawapo. Wavu bila mtu wa kuuzoa mvua ikiwa inanyesha ni ukuta.

Sasa hivi tunafanya hivi: mwezi kabla ya msimu tunazoa mtaro, na mchanga hatuuachi ukingoni. Zamani tulikuwa tunautoa tunaurundika pembeni, mvua inaurudisha ndani, tunajiona tumefanya kazi. Sasa kuna mwenye guta, anaubeba akauze kwa wanaojaza viwanja. Mwenye kujenga akimwaga mchanga au kifusi barabarani, mjumbe anampa siku auingize ndani au aufunike na auzungushie matofali. Watu wanadhani mchanga sio uchafu. Jangwani pale mto umepanda kwa mchanga, ndiyo maana hata mvua ya wastani inafunga barabara.

Suna kwa Chini

Andikeni hiyo ya mchanga kwa herufi kubwa. Kuna mahali tulikuwa tunapita chini ya daraja tukiwa wima, sasa unapita umeinama.

Bado Nipo

Ila mtaro ni wa nani? Mimi nililalamika mtaro umeziba, ofisi ya kwanza ikanituma ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza.

Kijana wa Kalavati

Angalia barabara kwanza. Mtaro wa barabara kuu ni wa TANROADS, wa barabara za mitaa ni TARURA. Chemba ya mtandao wa majitaka ikifurika ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Peleka kwa maandishi kupitia serikali ya mtaa, baki na nakala yenye mhuri. Ukienda na mdomo utazungushwa.

---

Spana Mkononi

Mimi ni fundi bomba, na kosa la mleta uzi nimelikuta nyumba nyingi sana, hata za ghorofa. Namna ya kujipima: siku haijanyesha, mwaga ndoo mbili za maji kwenye gata, mtu mwingine awe amefunua chemba ya choo. Maji yakitokea hapo, una kesi.

Kurekebisha: kata bomba la gata juu kidogo ya usawa wa mdomo wa simtanki, lifungie njia ya chemba kwa kizibo na gundi. Bomba la juu lielekeze kwenye simtanki. Kabla ya simtanki weka kipande cha bomba kilichosimama, chini kina kizibo cha kufungua kwa mkono. Hicho kinameza maji ya kwanza ya bati, yale ya vumbi na kinyesi cha ndege; kikijaa, maji safi yanapita juu yake kwenda kwenye tanki. Mvua ikiisha unafungua, unamwaga bustanini. Usipofungua, mvua ijayo kimejaa, hakina kazi.

Tanki likijaa, ya ziada iende kwenye shimo la kunyonya, mawe makubwa chini, kokoto juu, mbali na msingi wa nyumba na mbali na karo. Hii ni kwa wenye udongo wa kichanga. Ukiwa kwenye mfinyanzi, au chini kama kwa kina Suna, shimo halitanyonya, nisikudanganye. Hapo acha maji ya bati yaende mtaroni yakiwa peke yake. Maji ya mvua kwenda mtaroni si dhambi, shida ni yanachokokota.

Na hiyo sakafu ya pevini geti mpaka mlango mnayoipenda, acheni hata kipande cha majani ukingoni mwa ukuta. Mnamaliza ardhi yote halafu mnashangaa maji yanakwenda mbio.

---

Mtu wa Mteremko

Mrejesho wakuu.

Bomba nimelikata wiki iliyopita, kama alivyosema Spana. Jana usiku imenyesha ya kwanza, kama nusu saa hivi. Asubuhi nimefungua kile kizibo: maji rangi ya chai ya mkandaa, masizi, majani ya mwembe, na mjusi mmoja marehemu. Ndoo mbili kasoro. Nyuma yake, simtanki imejaa hadi robo, maji unaona chini. Chemba nimeifunua, imetulia, maji yako palepale yalipokuwa jana.

Nikatoka getini nikijisikia mtu. Mtaro unanuka choo.

Safari hii sijamsema mtu kwa mjumbe. Nimevuka barabara nikagonga kwa jirani, nikamwambia twende na ndoo mbili za maji, nyumba kwa nyumba, kwenye gata za wote wanaokubali. Kaniambia tuanze na ya kwake. Tumemwaga ndoo ya kwanza, mimi nimeinama kwenye chemba yake, sijaona kitu. Ndoo ya pili anaimwaga sasa hivi, nawaandikia nikiwa nimechuchumaa.

Bado Nipo

Na?

Mtu wa Mteremko

Imetoka.